Rehema Hakushuka

Brugge, Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, 10 Februari 1478

Kwa Bibi Godleve, mke wa Hamo mwoka mikate, Wendleham

Sasa nimetimiza miaka thelathini na miezi minane tangu niupe mgongo mnara wa kanisa la Wendleham. Nahesabu kwa miezi kwa sababu kazi yangu ni kunakili vitabu vya watu, na mnakili akizoea kukadiria, huwa amekwisha. Barua yako imenifikia kwa mkono wa mfanyabiashara wa sufu kutoka Lynn. Alinitazama miwani, akatazama wino vidoleni mwangu, akaniuliza kama ni kweli niliwahi kuwa Rehema. Nikamwambia ni kweli, na kwamba ndevu zilikuwa hazijaota vizuri.

Unasema paa la sakristia liliungua wakati wa Noeli, na kitabu kizima cha Mchezo wa Nafsi kikawa majivu. Unasema watu wanataka kuuchezesha tena Pentekoste hii, mara ya kwanza tangu mwaka ule wangu, na kwamba magombo ya wachezaji wengine yamepatikana: la Kiburi kwa fundi viatu, la Uchoyo kwa mjane wa muuza ngozi, la Mauti kwa Thurstan mhunzi, ambaye bado yu hai na bado anajisifu. Lililokosekana ni la Rehema.

Ninalo. Sijui kwa nini nilikimbia nalo, joho nililiacha. Hii hapa nakala, herufi kwa herufi.

Wewe hukucheza, kwa hiyo nikueleze, usije ukadhani nimekutumia nusu kwa ubahili. Marehemu Padre Benet hakumpa mchezaji yeyote mchezo mzima. Ngozi ya kuandikia ilikuwa adimu. Kila mtu alipewa gombo la maneno yake tu, na mbele ya kila fungu, maneno ya mwisho ya yule anayemtangulia. Hayo tuliyaita mkia. Ukisikia mkia wako, unasema. Hujausikia, unanyamaza na kungoja. Mkia wangu mkubwa ni ule wa mwishoni, Nafsi akiwa amepiga magoti uwanjani, marafiki wote wamemtoroka, na mashetani wamemzunguka:

Mali yangu imekwenda, sina tena cha kuuza,
Shuka, Rehema, nishike, moto unaniunguza.

Hapo ndipo Rehema anashuka kutoka kwenye ulingo wa mashariki, anamfunika kwa joho, na kusema:

Inuka, vumbi, inuka, sikuja kukuhukumu,
Joho langu latutosha, ingia nami udumu.

Mengine yanafuata, mistari arobaini na minne. Mwambie atakayeyasema asikimbilie.

Unajua nilivyofanya mwaka ule, au tuseme nilivyoshindwa kufanya. Niliganda. Watu husahau maneno, hata wenye kumbukumbu. Nilikuwa kijana nikaona haya, nikaondoka jioni ile ile. Haya ilipokwisha nilikuwa nimeshapata meza ya kuandikia na chumba juu ya duka la mishumaa.

Hujaniambia Hamo anaendeleaje. Je, bado anakoroma akiwa macho? Je, bado unafunga kile kitambaa cha buluu? Usijibu hilo la pili.

Wako wa zamani,
Wymond Tasker


Wendleham, 2 Machi

Wymond,

Ninasema mimi, anaandika binti yangu Sabina, aliyefundishwa na watawa. Nikisema upuuzi atauandika hivyo hivyo, ana roho mbaya kama baba yake.

Kwanza niungame. Hakuna mchezo. Kitabu kimeungua kweli, magombo nimeyatafuta kweli, nyumba kwa nyumba, lakini hakuna mtu mji huu anayetaka kuchezesha chochote. Nilikudanganya kwa sababu ningekuambia ukweli usingejibu. Wewe ni mtu wa kukimbia.

Ukweli ni huu. Hamo anakufa. Miaka yote ya unga imemjaa kifuani, miguu imevimba kama magogo, analala ameketi. Na hataki padre. Padre Edmund, kijana mzuri, amekuja mara nne na mafuta matakatifu, na mara nne Hamo amemwambia, "Rudi nayo, mwanangu, usiyapoteze. Rehema mwenyewe alinitazama mbele ya mji mzima asinishukie. Mimi nani nimdanganye kitandani?"

Hukujua, eh? Wewe uliona haya ukaenda zako. Hukukaa kuona yaliyobaki. Watu wa hapa, Wymond, waliona Hamo, Nafsi wao, analia, wakaona Rehema kasimama juu kimya, wakaona mashetani wanamburuta Hamo hadi ndani ya kinywa cha Jehanamu, kile cha mbao. Hakuna aliyesema, "Kijana kasahau." Walipiga ishara ya msalaba. Mama yangu alipiga. Wakasema Mungu ameonyesha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Hamo asimamie ubatizo wa mtoto wake. Unakumbuka mkate wa baraka wa Jumapili, kila nyumba na zamu yake? Zamu inatoka kwa jirani wa kushoto inaenda kwa jirani wa kulia. Inaturuka. Mwoka mikate, Wymond! Inaturuka miaka yote hii.

Na mimi nilimpenda, nikaolewa naye hivyo hivyo, na baba akaja harusini akiwa na uso wa mtu wa matanga.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipopiga kelele hadi paka akakimbia. Gombo la Hamo lilikuwa chini ya pipa la unga. Sabina aliliweka mezani karibu na nakala yako, akasoma mkia wako. Kisha akasoma mwisho wa maneno ya baba yake. Mama, akasema, haya siyo. Kuna kipande kimeshonwa juu kwa uzi, kwa mkono wa Padre Benet:

Mali yangu imekwenda, sina neno nitumie,
Sithubutu kukuita, machozi yakuitie.

Nikamkimbilia Hamo. "Hiki kipande ulipewa lini?" Akasema, "Jumapili ya Pentekoste, baada ya misa. Padre aliona yale ya zamani yana ujeuri, mwenye dhambi kumwambia Rehema shuka, shuka, kama anaita mbwa. Nilikesha nikiyakariri." Padre akabadilisha gombo la Hamo, akasahau lako! Na Agosti ile tauni ikamchukua padre kabla hajaulizwa na mtu.

Hukuganda, Wymond. Hukusahau. Hukuitwa! Miaka yote umekaa huko na haya ambayo si yako. Nililia. Nilicheka. Nimepanda ngazi na magoti yangu haya nikatandika kitanda cha chumba cha juu, kwa ajili yako.

Ila Hamo hajafurahi. Nilidhani atafurahi. Amesema, "Basi ni mbaya zaidi. Kama Wymond angesahau, ni Wymond. Sasa ni nani aliyeisahaulisha kalamu ya padre?" Mtu akitaka kuzama hata mtumbwi ataupiga teke.

Njoo wewe mwenyewe. Simama mbele yake umwambie maneno yale. Labda akiyasikia kwa mdomo ule ule.

Godleve

(Mama bado anafunga kitambaa. Cha buluu kilichanika kabla sijazaliwa. Hiki ni cha kijivu. — Sabina)


Brugge, Alhamisi Kuu, 19 Machi

Godleve,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na baridi ikaingia hadi bibi wa duka la mishumaa akanipigia kelele nifunge.

Sikujua hayo ya Hamo. Naomba uamini jambo hilo moja. Hakuna aliyekuja kutoka kwenu aliyenisimulia, na mimi sikuuliza. Nilidhani walicheka. Niliwaza kwamba vilabuni walimtania mwaka mzima, kisha wakapata mwingine wa kumtania.

Nimelitoa gombo langu nikalitazama. Unasema kweli: maneno ya mkia wangu hayakusemwa.

Nitakuja. Kuna merikebu ya sufu itakayorudi Lynn kutoka bandari yetu ya Sluis baada ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, na nahodha wake amekubali kunichukua. Sanduku langu nitalitanguliza. Bwana ninayemnakilia amekasirika, maana Zaburi zake zimefika katikati tu, lakini nimemwambia kwamba Daudi mwenyewe alisubiri zaidi.

Kwa kuwa nakuja, naweza sasa kukuambia mambo ambayo mtu aliye mbali hajiruhusu. Hapa mkate ni mweupe, na hauna alama ya kidole cha mtu. Hapa wanacheza pia, wana vyama vyao na bendera zao, na Rehema wao ni mtu mnene anayesemea puani. Kila mwaka nakwenda, kila mwaka anashuka, kila mwaka naondoka kabla hajafika chini. Nimewakumbuka hata watu niliowachukia. Naikumbuka kengele yenu yenye ufa. Naikumbuka harufu ya shayiri ikichipuzwa kwa ajili ya bia, na matope ya kinamasini yanayovua kiatu cha mtu. Naota Kiingereza cha kwetu, siyo cha London, kile cha kumeza nusu ya neno, na nikiamka nakuta nimekiota kwa makosa.

Nitakuta watu wangapi ninaowajua? Nitawatambua? Nina mvi, nina mgongo wa karani. Hamo atacheka. Aliniita Korongo kwa sababu ya miguu. Mwambie sasa hata shingo imefanana.

Mwambie anisubiri. Usitandue kitanda.

Wymond


Wendleham, 6 Aprili

Wymond,

Nilimsomea Hamo barua yako, yaani Sabina alimsomea. Alipofika kwenye Korongo na shingo, alicheka, akakohoa, akageuka rangi, ikabidi tumwinue. Thurstan mhunzi alikuwepo, anakuja kila siku sasa, ameketi pale kama mfuko wa makaa. Thurstan akasema, "Unaona, Hamo? Mtu hakuitwa. Hata mimi Mauti nilikuwa na mkia wangu. Mtu hawezi kusema kabla ya mkia wake, mchezo utakuwa soko."

Hamo akamwuliza, "Thurstan, wewe ulisimama wapi?"

"Chini ya ulingo wa mashariki, na mkuki wangu."

"Na mimi?"

"Hatua sita kutoka kwangu. Ulikuwa umepakaa majivu, na pua ikikutoka."

"Nilipomaliza kusema, kulikuwa na kelele?"

"Kelele ipi! Hata watoto walinyamaza."

Hamo akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Godleve, mwulize Korongo swali moja. Asiniletee mistari arobaini. Mwulize: alisikia kwamba nimemaliza?"

Nikasema swali gani hilo, Hamo, mtu anavuka bahari na mifupa yake, wewe unamtumia mtihani. Akasema, "Mwulize. Kama hakusikia, kama alikuwa amepigwa na bumbuwazi akingoja mkia wake kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa, basi ni mkono wa juu uliopanga, na mimi najua ninakokwenda, niacheni. Mwulize tu."

Sielewi anataka nini. Naona kama anatafuta sababu ya kukata tamaa, na wewe utampa. Kwa hiyo nakuomba, Wymond, mimi siyo yeye: jibu kwa upole. Mwandikie kwamba ulichanganyikiwa, kwamba jua lilikuwa machoni, kwamba ulikuwa karibu kushuka. Kisha njoo ukamalize mwenyewe kwa mdomo. Padre Edmund anasema tusimwache afe bila mafuta, lakini hawezi kumpaka mtu anayesukuma mkono wake.

Hakufika hata Ijumaa Kuu kanisani. Alisikiliza kengele dirishani. Ni kweli ina ufa, nilikuwa nimesahau mpaka ulipoitaja.

Fanya haraka. Na chagua maneno yako.

Godleve

(Baba alinivuta mkono baadaye, Mama akiwa kisimani. Alisema: mwandikie asichague maneno. — Sabina)


Brugge, 21 Aprili

Kwa Hamo, na asomewe yote, hata Godleve akisema isisomwe

Hamo,

Nilisikia.

Nilisikia kila neno, na nilijua umemaliza. Mtoto angejua. Ulikuwa umeinama mpaka paji la uso likagusa nyasi, na uwanja wote ulikuwa kimya kama Thurstan anavyosema, ila hakukuambia jambo moja, labda kwa kunionea huruma. Aliniita. Alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa, "Shuka, punda wewe." Ngazi ilikuwa na vipandio kumi na kimoja. Nilikuwa nimeshavipanda na kuvishuka katika mazoezi mpaka miguu ilivijua.

Huu ndio ukweli ninaoutunza tangu siku ile, na ambao barua ya Godleve ilikaribia kuninyang'anya kwa wema wake. Ulipomaliza, nilijiambia: huo siyo mkia wangu. Hilo lilikuwa wazo la kwanza, nalo lilikuwa halali. Nililingoja neno lije. Halikuja. Nikaelewa kwamba padre amebadilisha kitu. Nilielewa, Hamo, pale pale juu, kabla hujainua uso. Kisha likaja wazo la pili, na hilo halikuwa halali. Lilisema: hujaitwa kwa jina lako, hakuna atakayekulaumu, ngoja.

Nikalipenda wazo lile. Nililiona tamu.

Matangazo ya ndoa yenu yalikuwa yamesomwa mara tatu, ya tatu siku iliyotangulia mchezo, kwenye misa ya Pentekoste. Asubuhi ulinipa unga wako mwenyewe nijipake uso uwe mweupe, ukaniambia, "Usiniangushe leo, Korongo, Godleve atakuwa mbele." Alikuwa mbele. Nilimwona kutoka juu. Alikuwa anakutazama wewe, umejaa majivu na makamasi, na alikutazama namna ambayo mimi sijatazamwa na mtu yeyote, si kabla wala baada. Nikasimama na joho langu. Nikahesabu pumzi. Nikaona mashetani wanatazamana wasijue la kufanya, mmoja akashika mguu wako kwa sababu gombo lake lilimwambia ashike kitu, na wengine wakamfuata. Hata ulipokuwa unaburutwa ningeweza kushuka. Ulinitazama. Nilitazama juu ya kichwa chako, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Sikutaka uangamie. Nilitaka uchekwe. Siku moja tu, Godleve akiwepo. Ujinga wangu ulikuwa huo: nilisahau watu wetu ni watu gani. Sisi hatujui kucheka mbele ya Jehanamu, hata ya mbao na lami.

Padre Benet hakukosea, kama kuna kosa ni la kushona kipande kimoja badala ya viwili. Na hakuna mkono wa juu uliopanga hili. Nimenakili vitabu vingi vya wanateolojia, Hamo, vya Kilatini kizito, na hakuna hata kimoja kinachosema kwamba Rehema hungoja maneno fulani ndipo ashuke. Anayengoja maneno ni karani. Pale juu hapakuwa na Rehema. Palikuwa na Wymond Tasker, mwenye wivu, ana miaka ishirini na sita, na unga usoni.

Mstari wako mpya ulikuwa bora kuliko wa zamani. Nimetaka kukuambia hilo tangu siku ile.

Sanduku langu liko Sluis. Merikebu itaondoka upepo ukigeuka. Sijui kama bado nina haki ya kupanda. Nitangoja neno lenu.

Wymond


Wendleham, Jumanne ya Pentekoste, 12 Mei

Wymond,

Barua yako ilifika Jumanne iliyopita. Uliagiza isomwe yote. Imesomwa yote. Chumbani alikuwepo Thurstan, na dada yangu, na mke wa fundi viatu aliyeleta mchuzi wa mbaazi, kwa hiyo mji mzima ulikuwepo.

Sabina alisoma bila kupumzika. Alipofika kwenye unga usoni, nilimwambia anyamaze, nikataka kumpokonya karatasi. Hamo alikuwa anatikisika. Nikasema, tumemwua. Kumbe anacheka. Hakuwa na pumzi ya kucheka, ilikuwa inatoka kama filimbi, na machozi yanamtiririka hadi masikioni.

"Ni Korongo!" alisema. "Godleve, ni Korongo tu! Miaka thelathini na moja nilidhani ni Mungu, kumbe ni Korongo!"

Thurstan naye akaanza kulia, jitu zima lile. Akasema, "Nilimwambia ashuke, Hamo. Naapa nilimwambia. Sikutaka kumchongea rafiki."

"Ungemchongea kwangu basi, mpumbavu wewe," Hamo akasema. "Miaka yote hii nakuuzia mkate." Kisha akasema, "Mwiteni yule kijana na mafuta yake. Mbio, kabla sijaanza kukasirika."

Padre Edmund alikuja na viatu vimefungwa vibaya. Hamo aliungama muda mrefu, mpaka mchuzi ukapoa. Alipakwa mafuta, akapokea ekaristi, na hakuimeza kama mtu anayemeza jiwe, namna nilivyomwona akiimeza kila Pasaka. Aliniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie nimemsamehe. Mwambie pia kama ningelijua wakati ule ningemtia mtoni, kichwa kwanza, na miguu yake ile ingebaki nje ikipunga. Lakini nimemsamehe, aandikiwe kabla sijabadili nia."

Alifariki Alhamisi asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mikate ikiwa imetoka. Tumemzika Jumamosi. Kanisa lilijaa. Watu wanapita mlangoni kwangu sasa wanashika kofia, wanataka kusema kitu. Nawaambia mkate leo ni wa shayiri, ndiyo, aina moja tu.

Sasa ni mimi.

Hamo amekusamehe. Alikuwa anakufa, alikuwa na haraka. Mimi sina haraka.

Unasema nilimtazama yeye. Nilimtazama, ndiyo. Alikuwa mume wangu mtarajiwa na alikuwa analia kwa ustadi. Nilikuwa najivunia. Na kwa kutazama kule ukanitoza maisha yangu yote, na ya mtoto huyu anayeandika haya, ambaye vijana watatu walimtaka na mama watatu walisema hapana, siyo ile nyumba. Ameandika hilo bila kutetemeka, tazama mwandiko.

Najua kwamba ulikuwa na njia ya kunyamaza. Nilikufungulia mimi mwenyewe, nilikuomba useme jua lilikuwa machoni. Ungekuja hapa mtu safi, ungekula mezani kwangu, ningekufulia shati, na Hamo angekufa akiukataa mkono wa padre. Hukufanya hivyo. Hilo nalijua. Nalipima kila siku na yale mengine na bado mizani haijakaa.

Tangu Kwaresima hadi barua yako hii nilikuwa na furaha kwa ajili yako, Wymond. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kitanda cha juu nimekitandua.

Watu hapa wanasema uje. Thurstan anasema uje, Padre Edmund anasema uje, anataka tukupokee mlangoni mwa kanisa mbele ya wote na mimi nikupe mkono. Anaona itakuwa kitu kizuri. Ana miaka ishirini na tano.

Mimi sijasema uje wala usije.

Godleve

(Nilitetemeka. Niliandika upya. — Sabina)


Brugge, 27 Mei 1478

Godleve,

Nimepokea barua yako jana mchana. Nimemwombea Hamo katika kanisa la hapa, kwa Kiingereza.

Nawajua watu wetu. Nikishuka pale Lynn, habari zitanitangulia, na siku nitakapofika watakuwa wamejipanga mlangoni mwa kanisa, padre wenu katikati, na wote watakutazama wewe mkono wako. Utautoa, kwa sababu wametazama. Halafu watakwenda nyumbani wameridhika, na wewe utabaki na msamaha ambao hukuutoa wewe.

Sitaki wakufanyie hivyo. Chukua miaka yako. Usinisamehe kamwe ukiona ndivyo. Sihitaji kuandikiwa, ingawa Sabina akitaka kazi ya kunakili, mkono wake ni mzuri kuliko wa vijana niliowafundisha hapa, na nitamtumia ngozi na wino kwa mfanyabiashara yule yule. Hilo ni kati yangu na yeye.

Leo asubuhi nilikwenda Sluis kwa miguu. Merikebu ilikuwa imekwenda Lynn bila mimi na kurudi, upepo ulikuwa mzuri, na nahodha alisema nimefika kwa wakati. Nilimwomba anishushie sanduku. Nimerudi nalo kwa mkokoteni wa mtu wa samaki, na sasa liko chini ya dirisha, na Zaburi za bwana wangu ziko juu ya meza pale nilipoziachia.

Sitarudi Wendleham.

Wymond Tasker